Tulivyopeleka Kipimo cha Tansio Nyuma ya Kamituga

Tarehe kumi na nne mwezi wa pili nilimpoteza mume wangu, Deo. Alikuwa seremala huku Kadutu, Bukavu. Asubuhi ile alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, akaacha, akashika kichwa, akaniita kwa jina langu la usichana ambalo hakuwa amelitumia tangu tuoane. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande mmoja. Jua halikutua akiwa hai.

Kwenye matanga watu walisema ni karuho, yaani sumu, kama wanavyosema Bukavu kila mtu mwenye nguvu anapoanguka ghafla. Wakatafuta nani alimpa kinywaji. Wakampata jirani yetu mmoja, kwa sababu alimpa Deo glasi ya kasiksi, pombe ya ndizi, siku ya mahari ya binti yake. Mama yule alihama mtaa bila kuaga. Daktari alikuwa amesema ni tansio, ile ambayo wengine wanaita presha, imepanda mpaka mshipa wa kichwa umepasuka. Mimi nilimsikia vizuri. Lakini mjane hana sauti kwenye matanga.

Sasa ninyi ndugu na majirani mnaniuliza nilikuwa wapi muda wote ule, na kwa nini nimerudi mweusi hivi na mikwaruzo miguuni. Nawajibu kwa kuandika kwa sababu kusema kunanichosha. Mimi ni relai wa afya, mjitoleaji wa mtaa wetu, nimesoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari. Ulikuja uchunguzi wa afya wa nchi nzima, wa kupima tansio, sukari na uzito wa watu, na kuwauliza wanavyoishi. Walitaka mtu anayejua kusoma na anayesikia Kilega. Mama yangu alikuwa Mlega wa Mwenga. Wakanifundisha kupima, wakanichukua.

Majina ya watu wa kule nimeyabadilisha, na kijiji sitakitaja, kwa sababu tuliapa. Yule ambaye habari zake ni nyingi humu nilimwomba ruhusa. Akasema, "Andika. Lakini usiniandike mufupi." Basi, alikuwa mrefu.

Bukavu mpaka Burhale

Tulikuwa watatu ndani ya jeep. Kiongozi wetu aliitwa Chef Trésor, kijana wa Kinshasa aliyesoma sana, mpole, Kiswahili chake cha kuokota. Dereva alikuwa Papa Ziha, Mshi kama mimi kwa upande wa baba, mtu wa maneno mengi. Mimi nilikaa nyuma na mizani na vipimo.

Papa Ziha aliniangalia kwenye kioo tangu tulipotoka mjini. Nilikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

"Maman Noella, muko na matanga, na munapanda njia ya Kamituga? Bakwe banu balisema nini?"

"Walisema nimekosa akili."

"Na bo beko na haki," akasema, akaongeza gia.

Mugogo kulikuwa na soko, tukanunua mikate na maparachichi. Juu ya Burhale baridi iliingia, na mashamba ya chai yalionekana kijani kibichi pande zote. Chef Trésor alivaa makoti mawili. Aliuliza kama bado tuko Kongo. Papa Ziha alimwambia hapana, hapa ni Ulaya, na visa yake iko wapi. Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mwezi wa pili, nikaona aibu, nikatazama nje.

Lori katikati ya njia

Tulipoanza kushuka kuelekea msituni tulikuta lori limelala kwenye tope, limeziba njia yote. Mbele yake foleni, nyuma yake foleni. Watu walikuwa wameshazoea: wengine wanapika, wengine wanacheza karata, mama mmoja anamsuka mwenzake nywele. Hatukupita siku ile.

Chef Trésor akaona asikae bure. Akaomba watu wakubali kumfundisha kuuliza maswali yetu kwa Kiswahili. Akaanza na mama mmoja mnene, muuza makayabo, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake wa samaki wa chumvi.

"Maman, wewe natia chumvi mu chakula?"

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Unasema nini?"

"Chumvi. Natia? Mara mingi, mara moja moja, ao hapana kabisa?"

"Hapana kabisa!" mama akarudia, akageukia wenzake. "Munasikia? Eti mimi nakosa chumvi! Weye mutoto, unaniona niko maskini wa kula kama mbuzi? Bwana yangu hajawahi kunikosesha chumvi hata siku moja!"

Nilijaribu kueleza kwamba chumvi nyingi inaweza kupandisha tansio, na kwamba swali ni la watu wote, matajiri na maskini. Hakusikia. Kwake swali lile lilikuwa tusi juu ya mume wake. Baada ya muda alituita. Alikuwa ametupikia bukari, yaani ugali, na makayabo, na ile makayabo hakuilowesha, na juu yake ametia konzi nyingine ya chumvi mbele ya macho yetu.

"Kuleni. Halafu muandike."

Tulikula. Mtu akikupa chakula njiani unakula. Tulishinda tukinywa maji kama ng'ombe, na Papa Ziha akasema uchunguzi wa taifa utamuua kabla ya Mwenga. Lakini Chef Trésor alijifunza jambo. Tangu siku ile alianza kwa kusema, "Watu wote wa kwetu wanapenda chumvi, na mimi pia," ndipo akauliza. Watu walijibu bila hasira.

Asubuhi vijana waliweka mawe na magogo chini ya magurudumu, lori likatoka likipiga kelele, na sisi nyuma yake.

Mwenga mpaka kijijini

Joto lilitupokea Mwenga. Makoti ya Chef yakarudi ndani ya mfuko. Kamituga tuliacha jeep, tukapanda pikipiki, na mahali ambapo pikipiki zilishindwa tukatembea. Mizani nilibeba mimi kichwani, kwa sababu sikuamini mtu mwingine kuibeba.

Kijijini chifu alitupokea vizuri, kwa ndizi za kuponda na konokono wa msituni katika mafuta ya mawese. Nilikula mpaka nikamkumbuka mama yangu. Lakini Chef Trésor alipofungua tableti yake na kusoma nyumba zilizochaguliwa, nyumba ya chifu haikuwemo. Ilikuwemo ya mjane mmoja mwenye paa la majani, pale mwisho.

"Nani alichagua?" chifu akauliza.

"Mashine, papa. Haijui mutu. Inachagua tu."

"Basi mashine yenu imenizarau," chifu akasema, na hakucheka.

Nilimwelezea kwa Kilega: ukitaka kujua chakula cha sufuria kimeiva, huonji juu tu, unakoroga kwanza, ndipo unachota popote. Akafikiri. Akasema sawa, lakini kijiko kingeweza kupita kwake pia.

Tulifanya kazi ile nyumba kwa nyumba. Zamani nilidhani ugonjwa uko ndani ya damu tu. Maswali yale yalitaka kujua pia paa lako ni la nini, umesoma mpaka wapi, maji unayateka mbali kiasi gani, kazi yako ni ya shimoni au ya shambani, na unalala na wasiwasi. Mtu anajibu, halafu unampima mkono, na vyote viwili vinakwenda pamoja Kinshasa. Vitasema nini huko mimi sijui. Najua kwamba nilipima vizuri. Mjane wa paa la majani alikaa wima kama malkia, na alipomaliza aliuliza, "Basi sasa na mimi niko mu hesabu ya Kongo?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kumwambia chifu.

Shimoni

Ilibaki nyumba moja, ya Papa Kitoga. Alikuwa mkubwa wa shimo moja la dhahabu, na alikuwa huko machimboni. Tulikwenda kwake, hatukumpata. Tukarudi, hatukumpata. Mke wake alikuwa amejifungua karibuni, akatuambia bwana wake anaumwa kichwa kila siku lakini hataki kupumzika.

Papa Ziha alikuwa ametufuata kijijini kwa kuchoka kutungoja Kamituga. Akasema, "Chef, si tumupime jirani yake? Ule pale amekaa bure, anatutazama. Mikono iko sawa."

"Hapana," Chef Trésor akasema. "Nyumba haibadilishwi."

"Ju ya nini?"

"Ju ule wa kukaa bure na ule wa kutumika hawako sawa. Tukipima bale tunapata kwa bwepesi tu, tutasema uongo kwa nchi muzima."

Maneno yale yaliniingia. Deo alikuwa mtu wa aina hiyo. Wapimaji walipita mtaani kwetu, na kila mara alikuwa kwenye karakana, na kila mara walimpima aliyekuwepo. Nikasema nitakwenda shimoni mimi mwenyewe. Nilitaka Papa Kitoga apimwe. Katika safari ile sikutaka kitu kingine kuliko hicho.

Njia ilikuwa ya kupanda na kuvuka mto juu ya mti mmoja. Nilimkuta amesimama katikati ya vijana wenye matope, mrefu, macho mekundu, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Nilimsalimu kwa Kilega cha mama yangu.

Akacheka. "Unaongea kama bibi yangu aliyekufa. Munataka nini?"

"Tunataka kubana mkono wako, papa. Kuona damu inapita namna gani."

"Nani amewatuma? Serikali?"

"Ndiyo."

"Na munanibana bure?"

"Bure."

"Serikali haijawahi kunibana bure!" Vijana wote wakacheka. Lakini yeye alishika kichwa wakati wa kucheka, nikaona. Akaona kwamba nimeona. "Kesho asubui," akasema. "Nitakuya. Sasa wende, mwanamuke hakai hapa."

Nyumba ya Papa Kitoga

Alikuja. Niliona fahari, nawaambia ukweli, kama mtu aliyemtoa samaki mkubwa majini.

Sasa, kupima tansio kuna sheria. Mtu anakaa, mgongo umeegemea, miguu chini, na anakaa kimya kabisa kwa muda, asiseme, asisemeshwe. Halafu unapima, unangoja kimya, unapima tena. Mke wake alikaa chini kwenye mkeka na mtoto, kimya. Papa Ziha alikaa mlangoni, kimya, jambo la ajabu. Chef Trésor alisimama, kofia mkononi, kichwa chini, anatazama saa. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti na kitambaa changu cheusi, nimeshika mkono wa Papa Kitoga.

Nyumba ile haikuwa na kawaida ya ukimya asubuhi. Jirani mmoja akapita, akachungulia, akaona. Hakuuliza. Kule, nyumba ikinyamaza hivyo na mgeni ameshika mkono wa mgonjwa, ni jambo moja tu.

Tulisikia kilio kimoja nje, halafu kingine, halafu kijiji kizima. Wanawake walikuja mbio mikono kichwani. Wanaume walikuja na kuni za matanga mabegani, wakazitupa uani. Chifu alikuja amevaa koti. Mbele yao wote alikuwa mwanamke mmoja mkavu, na beseni la unga wa muhogo, akaanguka kizingitini: "Shemeji, weee! Shemeji, unaniachia nani!"

Papa Kitoga alijua hatakiwi kusema. Nilimwona anavumilia, mdomo amefunga, macho yanatoka. Halafu akashindwa.

"Niko muzima! Nyie batu, niko muzima! Ondoeni kuni zenu!"

Nani hakucheka? Hata waliokuwa wanalia walicheka wakiwa bado na machozi. Mwanamume mmoja akauliza kama arudishe kuni au azitumie kupika. Chifu akasema, "Mashine yao inaua na kufufua." Sisi tulianza upya, maana kipimo kilikuwa kimeharibika. Safari hii watu wote walikaa uani kimya, kijiji kizima kimenyamaza kwa ajili ya mkono mmoja.

Kipimo kilipotokea sikukiamini. Nikangoja, nikapima tena, na tena. Kilikuwa juu sana. Nikamwangalia Chef, naye akaona, akasema polepole, "Papa, lazima wende hopitali. Leo."

Papa Kitoga hakushtuka. "Najua ugonjwa yangu," akasema. "Ni karuho. Na aliyenipa iko pale." Akanyoosha kidole kwa yule mwanamke wa beseni.

Aliitwa Maman Wabiwa, mjane wa kaka yake mkubwa. Baadaye mke wa Kitoga alinielezea kwamba tangu kichwa kianze kumuuma, Papa Kitoga alikuwa hataki tena kula kwake, na watu walikuwa wameanza kusema amfukuze kijijini.  Maman Wabiwa alisimama tu na unga wake mikononi, machozi ya kumlilia mtu yule yule bado hayajakauka.

Sisi tuliagizwa kupima na kuuliza, si kuhubiri. Na mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Lakini nilisema.

"Papa, bwana yangu alikufa mu mwezi wa pili. Kichwa, kama wewe."

"Nani alimuua?"

"Hakuna mutu. Ni tansio."

"Na ndugu zake walisema nini?"

"Walisema karuho."

"Unaona!"

"Papa, chakula yake nilipika mimi. Kila siku, miaka yote. Kama ni sumu ilikuwa mu sahani, basi ni mimi nilimuua. Na mimi sikumuua."

 Sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa sauti, hata kwa binti yangu Noella. Papa Kitoga akamwambia mke wake, "Leta shati yangu."

Kukawa na shida nyingine. Mgonjwa haendi hospitali bila mtu wa kumpikia na kumfulia, na mke alikuwa na mtoto mchanga. Dada zake wote wameolewa mbali.  Maman Wabiwa akatua beseni.

"Mimi nitaenda naye."

"Huyu?" Papa Kitoga akasema. "Huyu anipikie?"

"Nitapika. Ukikataa, nitakula mwenyewe. Niko na njaa tangu ulikataa kukanyaga kwangu."

Kurudi

Walitembea mpaka penye pikipiki, ikawabeba kwanza, mgonjwa mbele, Maman Wabiwa nyuma na sufuria. Sisi tulipofika Kamituga tuliwakuta hospitalini. Vidonge vilikuwa vimeanza, lakini daktari alitaka figo zake ziangaliwe Bukavu. Chef Trésor aliuliza kwa simu kama jeep inaweza kubeba mgonjwa. Alijibiwa kitu ambacho hakutuambia, kisha akasema, "Wapande."

Njia nzima Papa Kitoga hakula chakula kilichoguswa na mkono wa mtu. Alikula ndizi alizomenya mwenyewe, na mayai ya kuchemshwa aliyoyatoa ganda mwenyewe. Papa Ziha hakuweza kunyamaza.

"Papa, hata yai! Ile kuku, unaijua? Unaijua familia yake?"

"Endesha gari," Papa Kitoga akasema. Lakini alitabasamu kidogo. Maman Wabiwa alitazama nje. Hakuwa amewahi kuona Bukavu. Ziwa lilipotokea aliuliza nani anayateka maji yote yale.

Tulimaliza kazi bila kubadilisha nyumba hata moja. Chef Trésor alinishika mkono mbele ya ofisi, akasema "Aksanti, Maman Noella," kwa Kiswahili kizuri kabisa. Nilitembea mpaka nyumbani na kichwa juu. Nilitamani Deo aniambie kitu.

Ibanda

Jumapili baada ya misa nilipanda kwenda kuwaona hospitalini Ibanda. Papa Kitoga alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kimetoka kichwani, macho yamekuwa meupe. Kwenye kitanda cha pili alilala mzee mmoja mcheshi wa Kabare. Huyo alinielezea yote kabla sijakaa.

"Huyu bwana mukubwa hakuli chakula ya shemeji yake. Anakula mayai kama nyoka! Basi sahani yake nakula mimi, kila siku. Nilikuya hapa niko mukavu. Niangalie!" Akajipiga tumbo. "Kama ni sumu, maman, basi baniongezee."

Papa Kitoga alitazama ukuta.

Maman Wabiwa akaingia kutoka jiko la uani, na sahani ya bukari na sombe, majani ya muhogo, moshi unatoka. Mzee wa Kabare akajiinua na kunyoosha mkono kama alivyozoea. Lakini Maman Wabiwa alikwenda kwanza kwa mgonjwa wake, nadhani kama alivyokuwa akifanya kila siku. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwetu mtu anayeshukiwa, anapoleta chakula, anaonja kwanza mbele ya mwenye kula. Akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akalipeleka mdomoni.

Papa Kitoga akaichukua sahani kutoka magotini pake.

"Acha kuonja," akasema. "Itapoa."

Akala.